Nilimlazimisha Godeliva Atoe kwa Mikono Miwili

Nimekosa, jamani. Sikusukumwa na shetani kama tunavyopenda kusema, wala sikushauriwa vibaya na mtu. Nimekosa mimi, kwa mdomo wangu huu huu, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa wanakula. Jina langu siliandiki kwa sababu Rumonge yetu ya Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, ni ndogo na aibu yangu ni kubwa. Ukinitambua, nakuomba upite kimya.

Nina mgahawa karibu na bandari. Tunapika samaki wa mukeke wa kuchoma, dagaa wanaoitwa ndagala, ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Wafanyakazi wananiita Mama Patron, na zamani nilikuwa nalipenda sana jina hilo.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilivuka ziwa nikitoka upande wa Fizi kule Kongo, vita vilipotufukuza, na kazi yangu ya kwanza Rumonge ilikuwa kuuza ndagala sokoni nikiwa na mtoto mgongoni. Siku moja nikampa bibi mmoja fungu lake kwa mkono wa kushoto, bila kufikiri. Yule bibi aliliangalia lile fungu kama nimempa panya! Akaliacha pale pale, akaenda kununua kwa mwingine.

Muuzaji wa jirani alinicheka mpaka akashika tumbo. "Weye Mukongomani, huku tunatoa na mikono miwili. Ama unatoa na mukono wa kuume, ule mungine unashika kiwiko, hivi. Bila hivyo mutu anasema unamuzarau."

Niliona haya siku ile, na nikaapa haitanipata tena. Unamjua mtu aliyeingia dini ukubwani? Anamshinda padri kwa ukali. Ndivyo nilivyokuwa mimi na mikono miwili. Hata mtoto wangu akinipa kijiko kwa mkono mmoja nilikuwa namrudisha aanze upya.

Nilipofungua mgahawa nikaifanya kuwa sheria. Halafu tukaitwa kwenye formation, yaani mafunzo, ya akina mama wenye biashara, akaja mwalimu kutoka Bujumbura. Akatuambia mteja anausoma mwili wako kabla hujafungua mdomo: macho, mabega, mikono, namna unavyosimama. Nilifurahi kama nimepewa ufunguo. Mchana zamu ilikuwa ya kujifunza kuwasikiliza wafanyakazi, lakini mimi nilishaondoka kwenda kupokea samaki. Cheti nilikipata hata hivyo, nikakitundika ukutani.

Tangu hapo nikawa mtaalamu! Msichana akikunja mikono, namwambia ana kiburi. Mwingine akiinama, namwambia anaficha kitu. Nilikuwa nasema, "Mimi nasoma watu." Nilijisifu hivyo hata kanisani.

Sasa nikuambie habari za Godeliva. Si jina lake, lakini nitamwita hivyo.

Godeliva ni wa kijiji cha Gatete, analea watoto peke yake, na wa mwisho bado ni wa kubebwa mgongoni. Alianza kazi kwangu wakati mgahawa una meza moja na benchi la kuazima. Ndiye aliyenifundisha Kirundi cha kuwasalimu wazee. Nilipougua malaria nikawa sijiwezi, yeye ndiye aliyefungua asubuhi na kufunga jioni, na sikukuta hata kijiko kimepotea. Nilikuwa namwita mdogo wangu. Ndiyo, nilikuwa namwita hivyo!

Na katika kuhudumia, hakuna aliyemfikia. Alikuwa anakuja na beseni na birika ya maji, anapiga goti kidogo, anamnawisha mteja taratibu bila kumlowesha mkono wa shati. Sahani anaitoa kwa mikono yote miwili, kichwa ameinamisha kidogo. Wazee walikuwa wanapenda kuhudumiwa na yeye tu.

Basi wiki moja Godeliva akabadilika. Akaanza kutoa vitu kwa mkono mmoja! Ule wa kushoto ameuficha ndani ya kitenge. Beseni halishiki tena, analiweka juu ya meza kisha anamimina maji. Akisalimiwa anatikisa kichwa tu. Akipita kati ya viti anapita upande upande, kama hataki kuguswa na mtu.

Niliviona vyote. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba niliona kila kitu. Sikukosa macho.

Lakini nikavisoma nilivyotaka. Siku zile kuna hoteli mpya ilikuwa inafunguliwa ufukweni, na niliambiwa kwamba wamemuuliza Godeliva kama angependa kufanya kazi kwao. Nikasema, kumbe! Moyo umeshahamia hotelini, huku kwangu umebaki mwili wa kunidharau. Hasira ikaanza kuchemka, nami nikaitilia kuni kila siku.

Utaniuliza kama sikumuuliza. Nilimuuliza, ndiyo. Nilimuuliza mbele ya wenzake, nimeshika kiuno: "Weye Godeliva, ule mukono mungine umeuuza?"

Wasichana wawili wa kuhudumu wakacheka kwa sababu Mama Patron ametania. Godeliva akainamisha macho. "Ntaco, Mama Patron," akasema, yaani hakuna kitu. "Itapita tu."

Ameinamisha macho, kwa hiyo ana hatia. Ndivyo nilivyosema moyoni. Hapa mtu akisemeshwa na mkubwa wake anainamisha macho, kila mtu anajua, hata mimi najua. Lakini siku ile nilikuwa nataka hatia, na nikaipata.

Ujinga wangu ulikuwa hapa: mimi mgeni ndiye niliyejifunza mikono miwili sokoni, kwa kuchekwa. Godeliva alilelewa nayo tangu hajaota meno. Mtu wa namna hiyo hawezi kuiacha ghafla bila sababu nzito. Hata mtoto mdogo angejiuliza. Mimi sikujiuliza.

Ikafika siku yenyewe. Alikuja mzee mmoja anayeheshimiwa sana hapa, pamoja na mke wake na wakwe zake. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwapikia sherehe ya mahari ya binti yao, na walitaka kwanza kuonja chakula changu. Ile kazi ningeipata, paa langu linalovuja lingeezekwa upya, na jina langu lingefika mpaka Nyanza-Lac. Nilivaa kitenge changu kizuri. Nilisali kabla ya kuwasha moto!

Nikamwambia Godeliva ahudumie yeye, kwa sababu nilijua anaweza, na pia, nisifiche, nilitaka kumpima. Akaja na sahani kubwa ya mukeke, mchuzi wa mawese bado unatokota. Akamnyooshea mzee kwa mkono mmoja.

Mzee hakuipokea. Alirudi nyuma kwenye kiti, akaweka mikono juu ya magoti, akatazama meza. Wenzake nao wakatazama meza.

Nikajua tumeshamtukana mzee wa watu, kazi imekwenda! Nikainuka kutoka kwenye kiti changu na sauti yangu ikatangulia.

"Godeliva! Huyu muzee ni rika yako? Toa na mikono miwili!"

"Mama Patron..."

"Mikono miwili nimesema!"

Akanitazama, kisha akatabasamu.

Lile tabasamu, jamani! Ndilo lililonitia wazimu. Nikaona mbele ya wageni wangu mfanyakazi wangu ananicheka. Nikamwendea, nikautoa ule mkono wa kushoto kwenye kitenge kwa mkono wangu mwenyewe, nikauweka chini ya sahani. Hilo sikupanga kuliandika. Lakini nimeanza kuungama, wacha nimalize.

Sahani ilianguka. Mchuzi ulimrukia miguuni. Hakupiga kelele hata kidogo. Alichuchumaa akaanza kuokota samaki kwa mkono wa kulia, jasho linamtiririka usoni, na bado anatabasamu.

"Uko unanicheka?" nikamuuliza.

"Oya, Mama Patron," akasema, yaani hapana.

"Vua tabliye, utoke. Enda kwa wale wenye hoteli."

Akajaribu kufungua ile aproni. Fundo lilikuwa mgongoni. Alikuwa analihangaikia kwa mkono mmoja, haliachii, na mimi nimesimama pale nikifikiri ananichelewesha kwa makusudi! Mwishowe mpishi wangu, Mama Chantal, akatoka jikoni akamfungulia. Huyo Mama Chantal alinikodolea macho makubwa sana. Mimi nikayasoma kuwa ananiogopa, na nikafurahi.

Wageni walikula kidogo, wakashukuru kwa adabu, "murakoze cane, murakoze cane," wakaondoka. Nikajipongeza. Nikawaambia wasichana, mmeona namna ya kulinda jina la nyumba?

Baada ya siku chache yule mzee akarudi peke yake. Nikakimbia kumpokea, mikono miwili, goti chini.

"Amahoro, muzee. Karibu, ukae."

"Amahoro, mama. Sikai. Nimekuja kukuambia chakula ya sherehe tutapika ku nyumba."

"Ni juu ya yule mufanyakazi? Mumbabarire, munisamehe, muzee. Nilishamufukuza."

"Njo maana," akasema, yaani hiyo ndiyo sababu. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, hakutaka wengine wasikie. "Mama, weye uliona mimi nimekataa sahani?"

"Ndiyo, muzee. Ulirudi nyuma."

"Nilirudi nyuma ili aweke ku meza. Nilitaka asinyooshe mukono tena. Ule wa kushoto ulikuwa umevimba, hata kitenge haikuuficha, na alikuwa anatetemeka mupaka begani. Nilinyamaza juu sikutaka kumupatisha haya mbele ya watu. Sisi wote tuliona, mama. Na bibi yangu aliona. Weye njo ulikuwa karibu yake."

Yeye akaniaga vizuri tu, kwa heshima zote, akaenda zake. Afadhali angenitukana!

Niliingia jikoni. Mama Chantal alikuwa anasonga ugali, hakugeuka.

"Godeliva alikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Alianguka pa mwalo," akasema. Mwalo ni pale mitumbwi inaposhusha samaki. "Siku ile ulimutuma asubui. Mawe ilikuwa inateleza. Akashika beseni na mukono mumoja ili samaki yako isimwangike, akaangukia ule mungine."

"Na hamukuniambia?"

Hapo akageuka. "Tukuambie nini? Si weye ulisema mwenye kuuguwa abaki kwao, utatafuta mungine? Ana watoto. Alisema atavumilia mupaka ipone."

"Na weye? Siku ile weye ulikuwa hapa!"

"Nilikukodolea macho mupaka yakaniuma, Mama Patron! Ulitaka nifanye nini tena?"

Nilikaa chini pale pale kwenye gunia la makaa. Wale samaki nilikuwa nawakumbuka. Walikuwa wazuri, wakubwa, na niliwasifia kwa wateja siku nzima. Godeliva aliwaleta, akawaosha, akawahudumia, na mkono wake umevunjika, na mimi nampigia hesabu za kiburi! Nililia mpaka ugali wa watu ukachelewa.

Siku ile ile nikaenda Gatete. Nilimkuta uani, mkono ameufunga kwa kipande cha kitenge na vijiti. Kumbe alikuwa anakwenda kwa mzee mmoja wa kukanda mifupa, na mfupa ulikuwa umeshaanza kushika. Nilipoulazimisha ubebe sahani, ukaachia tena. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe, kwa pikipiki, nimemshikilia kiuno asitikisike. Daktari alisema tungekuja mapema kiwiko kingenyooka. Alisema "tungekuja," akiniweka na mimi, maana alifikiri mimi ni dada yake.

Kiwiko hakijanyooka. Mkono umeganda umekunjwa. Hawezi kukamua nguo, hawezi kumenya muhogo vizuri, na akitaka kumbeba mtoto mgongoni lazima jirani aje amfungie kitenge. Nimeona hilo kwa macho yangu. Jirani alipomaliza kumfunga, mtoto akacheka akampiga mama yake kofi la mgongo, na mimi nikageukia upande wa migomba.

Nimekuwa nikienda kila Jumapili baada ya misa. Nilimwomba arudi kazini akae kwenye kiti, apokee wateja tu, asibebe hata glasi. Nilimwomba nimtunzie watoto. Kila nikifika ananipa kiti kizuri, ananiuliza habari za nyumbani, anatabasamu.

Mimi wa zamani ningelisoma lile tabasamu. Ningesema, tazama, amekwisha kunisamehe, moyo wake mweupe! Ningerudi Rumonge nikalala usingizi. Lakini tabasamu hilo nililiona siku ile amechuchumaa kwenye mchuzi, mfupa umeachia. Sasa najua kwamba silijui.

Kwa hiyo Jumapili moja nikamuuliza. Nilihakikisha hakuna mtu, watoto wako nje, nikaiacha ile sauti yangu ya Mama Patron mlangoni.

"Godeliva, umenisamehe?"

Nilitaka sana kusema kitu nikajizuia. Alikuwa anaukanda ule mkono kwa mkono mwingine, taratibu. Halafu, huyu mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akimkatalia mtu jambo, akainua macho akanitazama usoni.

"Oya, Mama Patron. Bado."

Nikakubali kwa kichwa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Nikisema ndiyo, weye utaenda kulala vizuri," akasema. "Mimi na mukono huu silali muzuri. Siku nikisamehe nitakuambia. Lakini murakoze kuniuliza. Ile siku haukuniuliza."

Hajarudi kazini, na sidhani kama atarudi. Wale wasichana wawili waliondoka mmoja baada ya mwingine bila kugombana na mimi. Waliaga tu. Mama Chantal amebaki, lakini tunazungumza habari za chumvi na mkaa, basi. Cheti changu nilikitoa ukutani, na pale kilipokuwa pamebaki alama nyeupe ambayo wateja wapya wananiuliza ni ya nini. Nawaambia ukweli, na wengine hawarudi.

Wewe unayesoma hapa na una watu chini yako, iwe dukani, shuleni, ofisini au nyumbani kwako: hasira ni hasara, tulishaambiwa, hatusikii! Ukiona mtu wako amebadilika mikono, macho, mwendo, usikimbilie kusema ana kiburi. Mtu mwenye adabu hatupi adabu yake bure. Mwite pembeni, wenzake wasiwepo. Muulize kwa upole, na akikujibu "hakuna kitu" ukiwa umesimama juu yake kama askari, ujue hujamuuliza bado. Kaa chini umuulize tena.

Na kama ulishamkosea, nenda. Usitume mtu, usitume zawadi, nenda mwenyewe ukamuulize kama amekusamehe. Jiandae kuambiwa hapana. Mimi nimeambiwa, na Jumapili hii nakwenda tena.